Mombasa hadi Kisumu kwa treni mbili: pale ya kwanza inapochelewa

Chukua familia ya watu watano wa Changamwe, Mombasa: mama, watoto wake wawili, mdogo wake wa kiume, na mama mkwe aliyepita miaka sabini, ambaye goti lake la kulia halipandi ngazi bila mtu wa kumshika mkono. Jumamosi adhuhuri wana mazishi Ahero, karibu na Kisumu, ya kaka yake mama mkwe. Wangeweza kupanda basi Mombasa wakashukia Kisumu, lakini goti hilo halivumilii kukunjwa usiku kucha kwenye kiti cha basi. Ndani ya treni bibi huweza kusimama, akatembea hadi mwisho wa behewa, akarudi akakaa. Kwa hiyo wanataka reli mwanzo hadi mwisho: SGR, yaani reli ya kisasa, mpaka Nairobi, kisha treni ya Kisumu.

Familia hii nimeiunda mimi ili tupate mfano wa kushika. Stesheni, masafa na mpangilio wa treni ni vya kweli, na swali lao ndilo ambalo watu wa pwani huniuliza kila likizo ya Desemba inapokaribia: naweza kuunganisha treni mbili Nairobi siku hiyo hiyo? Inawezekana. Ila jibu hilo fupi limewaponza wengi, kwa sababu watu hutazama ratiba mbili, wakatoa saa moja kwenye nyingine, wakaona nafasi tele na kulipia tiketi.

Hesabu yenyewe inashawishi kweli. Treni ya kaunti hutoka Miritini, stesheni ya SGR ya Mombasa, saa mbili asubuhi na kusimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River kabla ya kuingia Nairobi takriban saa sita baadaye, yaani mnamo saa nane mchana. Treni ya Kisumu, iliyorudi Desemba 2021 baada ya miaka mingi ya kukatika, ilipangiwa kuondoka Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni na kufika Kisumu Jumamosi asubuhi. Pengo ni saa nne na nusu. Nani asiyeweza kubadilisha treni kwa saa nne na nusu?

Tatizo la kwanza ni kwamba Nairobi ya ratiba moja siyo Nairobi ya ratiba nyingine. SGR inakomea Syokimau, nje kidogo ya mji. Treni ya Kisumu inaondokea stesheni kuu ya zamani, pale Haile Selassie, mwisho wa Moi Avenue. Reli hizo mbili haziwezi hata kupokezana behewa: ya kisasa ina upana wa milimita 1,435, na ya zamani, iliyofika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ina milimita 1,000. Katikati ya stesheni hizo kuna treni ya mjini inayopitia Imara Daima na Makadara, ambayo hupangwa kufuata kuwasili kwa SGR. Kwa hiyo safari ya familia hii ina treni tatu, na ile ndogo ya katikati ndiyo watu husahau kuihesabu. Ukijumlisha kushuka, kutembea na bibi hadi jukwaa la pili, kungoja abiria wenzenu wajae, safari yenyewe, kisha ukaguzi wa mizigo mjini, ondoa saa moja na nusu kwenye zile nne na nusu. Zimebaki tatu.

Tatizo la pili ni namna treni inavyochelewa, na hapa inafaa tukae kidogo. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ni ya njia moja. Treni mbili zinazoelekeana hupishana penye stesheni au mchepuko tu, moja ikiingia pembeni na kusubiri nyingine ipite. Saa mbili asubuhi treni ya abiria inaondoka Mombasa, na saa hiyo hiyo mwenzake anaondoka Nairobi. Lazima wapishane mahali fulani katikati ya njia, na kati yao kuna treni ndefu za makontena zinazopanda kutoka bandarini na zinazoshuka. Mpangilio huo ukitembea sawa, abiria hajui hata kwamba amepishana na mtu. Lakini mvua kubwa ikinyesha upande wa Kibwezi na mwendo ukapunguzwa kwa usalama, treni iliyopoteza dakika ishirini inafika penye kupishania ikiwa zamu yake imepita. Inasimama. Inayokuja nayo ikiwa imechelewa, inasimama zaidi. Ndiyo maana kwenye njia moja ucheleweshaji haukui taratibu dakika kwa dakika: unaruka. Unaweza kukaa saa nzima ukiamini umepoteza nusu saa tu, kisha kusimama mara moja kukakupeleka kwenye saa mbili. Anayesema "dereva atafidia mbele" anafikiria basi.

Sasa turudi kwa familia. Tuseme Ijumaa hiyo mvua imenyesha, na saa tisa na robo alasiri, wakati walipaswa kuwa wameshafika mjini, treni bado imesimama Emali. Mama anampigia shemeji yake anayefanya kazi Industrial Area.

"Shemeji, bado tuko Emali. Tumesimama tena."

"Poleni. Mama anaendeleaje?"

"Amelala. Mdogo wangu anasema tushuke hapa tupande matatu, barabara si iko hapo tu. Wewe waonaje?"

"Hapana, msishuke. Ijumaa jioni mtakwama Mlolongo na Mama mikononi. Nitumie picha za tiketi za Kisumu, zote tano. Nikitoka kazini napitia stesheni."

Shemeji ametoa ushauri sahihi mara mbili katika pumzi moja, na nitaeleza kwa nini.

Kuhusu kushuka Emali: barabara kuu kweli iko jirani, na unapokaa kwenye treni iliyosimama, gari lolote linalopita dirishani linaonekana limekushinda. Lakini treni ikishaanza kutembea itafika Syokimau kabla ya matatu hiyo, ambayo kwanza inasubiri kujaa, kisha inapambana na malori ya Mombasa Road. La muhimu zaidi, ukiiacha treni ya kwanza katikati umejitoa mwenyewe kwenye kundi. Treni ya mjini inasubiri abiria wa SGR. Haisubiri mtu aliyeshukia Emali.

Kuhusu kwenda stesheni: huu ndio moyo wa kisa chote. Familia ina tiketi mbili tofauti, zilizonunuliwa kila moja kivyake. Kwa treni ya Kisumu, watu hawa watano ni viti vitano vilivyolipiwa ambavyo wenyewe hawajaonekana. Wamelala nyumbani? Wameahirisha? Wako Emali? Msimamizi wa stesheni ya mjini hana pa kulijua hilo. Huenda kwenye treni hiyo hiyo ya kutoka Mombasa mna watu wengine thelathini wanaokwenda Nakuru, Molo, Muhoroni na Kisumu, na hakuna karatasi hata moja nchini yenye idadi yao. Watu huzungumzia tiketi ya kuunganisha, yaani moja inayobeba treni zote mbili, kama suala la kurudishiwa pesa. Mimi naona faida yake kubwa iko kwingine: inamfanya abiria aliyechelewa ahesabike. Mwenye kuamua kama treni ya jioni isubiri dakika ishirini hawezi kuamua kwa haki bila kujua anasubiri nani na wangapi.

Mpaka tiketi hiyo ipatikane, abiria ahesabishwe na binadamu. Shemeji akifika mapema na picha za tiketi, akamkuta msimamizi na kumwambia kwa heshima, "Mkubwa, nina watu watano, mmoja ni mama mzee, wako kwenye SGR na wamepita Athi River," amempa taarifa ambayo mfumo haukumpa. Haimlazimishi kufanya lolote. Lakini tofauti ya kungoja dakika kumi na kutongoja mara nyingi huwa hiyo tu, kwamba mtu alijua.

Tufuate saa. Tuseme treni inaingia Syokimau saa kumi na moja kamili, saa tatu nyuma ya ratiba. Kushuka na bibi si jambo la dakika mbili. Jengo lile ni kubwa, na umati wote unashuka kwa pamoja. Nashauri mdogo wa kiume atangulie na mizigo na mtoto mmoja, akakate tiketi za treni ya mjini na kushika nafasi, mama abaki na bibi na mtoto wa pili. Wakiwa ndani kufikia saa kumi na moja na nusu, watafika mjini na dakika chache mkononi. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kukimbilia teksi. Barabara ya juu ya kulipia (Nairobi Expressway), iliyofunguliwa 2022, ina kiingilio Syokimau na njia ya kushukia Haile Selassie, na mchana wa Jumatano ningemwambia yeyote aipande. Ijumaa saa kumi na moja jioni sehemu ya juu inaweza kupitika vizuri, kisha ukashukia kwenye foleni ya Haile Selassie ambayo haisogei, stesheni ukiiona kwa macho na usiweze kuifikia kwa sababu bibi hawezi kutembea mita mia nne zilizobaki. Treni ya mjini haina foleni. Teksi nitaikubali kwa sharti moja tu: treni ya mjini iwe imeshaondoka na nyingine haipo.

Basi kwa kuchelewa saa tatu wanaweza kufaulu, kwa shida. Kwa saa nne hawafaulu: wanaingia Syokimau saa kumi na mbili jioni, na dakika thelathini hazitoshi hata kwa kijana asiye na mzigo.

Inabaki mbinu moja ambayo watu wachache huifikiria. Treni ya Kisumu ni ya mwendo wa pole. Inapanda hadi Limuru, inateremka Bonde la Ufa kupitia Naivasha na Gilgil, na Nakuru iko karibu nusu ya njia ya safari inayotumia takriban saa kumi na mbili. Maana yake itaingia Nakuru karibu na usiku wa manane. Kutoka Nairobi hadi Nakuru kwa barabara ni kama kilomita 160, saa tatu hivi kwa matatu siku isiyo mbaya. Aliyeachwa saa kumi na mbili na nusu bado ana muda wa kuifuata treni na kuipandia Nakuru na tiketi yake ile ile, mradi mtu awe amemwambia msimamizi wa stesheni kwamba viti hivyo vitajazwa mbele. Kwa kijana wa chuo ningesema nenda, usisite. Kwa familia hii, hapana. Bibi atakaa saa tatu kwenye matatu, jambo lile lile walilolikimbia walipoacha basi, kisha angoje mpaka usiku wa manane kwenye jukwaa la Nakuru penye baridi. Kama goti litateswa vyovyote, heri waingie basi la usiku mjini, wachague kiti cha mbele chenye nafasi ya mguu, wafike Kisumu alfajiri na kuwahi mazishi. Uamuzi huo wafanye wakiwa Athi River, kabla hawajafika Syokimau, ili shemeji awahi kukata viti. Jioni ya Ijumaa viti vizuri haviwangoji waliochelewa.

Nimesikia hoja kwamba treni ya Kisumu ingesubiri tu, na hoja ya kupinga kwamba huwezi kuchelewesha mamia kwa ajili ya watano. Zote zina ukweli ndani yake, maana reli ya zamani nayo ni ya njia moja, na nusu saa ya kungoja Nairobi inaweza kuzaa saa nzima huko mbele, ikawaharibia waliokuja mapema na watoto wao. Lakini kuna jambo ambalo lazima lipewe uzito: treni inayofuata baada ya hii ni lini? Palipo na treni kila saa, anayeachwa amepoteza saa moja, na ni sawa treni iondoke. Kwa treni ya mwisho ya siku, anayeachwa amepoteza usiku. Treni ya Ijumaa ya Kisumu haifuatwi na nyingine Jumamosi. Anayeachwa amepoteza wiki, na kwa msiba amepoteza kila kitu alichosafiria. Treni ya namna hiyo inastahili kuwa na kanuni iliyoandikwa na kubandikwa ukutani: itasubiri SGR kwa muda gani, na kuanzia abiria wangapi.

Nchi nyingine zimelishughulikia hili kwa njia ambazo hazihitaji utajiri. India, tangu Aprili 2019, abiria anaweza kuziunganisha buking zake mbili. Treni ya kwanza ikichelewa akaachwa na ya pili, anarudishiwa pesa za sehemu aliyoikosa bila makato. Hilo halikuhitaji reli mpya, lilihitaji kompyuta kuambiwa kwamba majina haya na yale ni ya mtu mmoja. Amtrak ya Marekani, ambayo treni zake za masafa marefu kama California Zephyr na Empire Builder hupokezana abiria Chicago na zile za kwenda mashariki, huuza miunganisho kwa buking moja, na muunganisho iliouhakikisha ukikatika ni jukumu lake kumfikisha abiria. Umoja wa Ulaya umeliweka kisheria: chini ya kanuni ya 2021/782, iliyoanza kutumika Juni 2023, mwenye tiketi moja ya safari nzima akitarajiwa kuchelewa dakika 60 au zaidi mwisho wa safari huchagua kurudishiwa nauli au kuendelea kwa njia nyingine, na kwa kawaida hulipwa robo ya nauli kuanzia dakika 60 na nusu kuanzia dakika 120.

Kwetu nauli ya kawaida ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024. Mtu anayelipa hivyo, tena akitoa kitambulisho na nambari ya simu anapokata tiketi, ameshatoa taarifa zote zinazohitajika ili tiketi zake mbili zikutanishwe. Naiona kazi hii ni ndogo na ya haki, na sioni sababu ya kuingoja.

Kwa familia yetu, swali la maana lilipaswa kuulizwa Jumatatu nyumbani Changamwe, kabla ya kulipa. Wengi hujiuliza treni ya kwanza huchelewa kiasi gani kwa kawaida. Swali hilo lina manufaa kidogo sana. La kujiuliza ni: nikiachwa na ya pili, inayofuata ni lini? Pengo hilo ndilo linalokwambia uache nafasi kiasi gani. Treni ya pili ikiwa ya mara moja kwa wiki na mazishi hayaahirishwi, saa nne na nusu ni chache, hata kama siku nyingi zingetosha.

Wana chaguo tatu. Treni ya saa tisa alasiri siku ya Ijumaa haifai, maana inafika baada ya saa mbili usiku. Treni ya saa nne usiku wa Alhamisi inafika Syokimau mnamo saa tisa na nusu alfajiri. Nafasi ni kubwa ajabu, lakini bibi atakaa wapi mpaka kuche, na mchana kutwa tena mpaka jioni? Chaguo langu ni treni ya saa tisa alasiri siku ya Alhamisi. Wanafika Nairobi usiku huo, wanalala kwa shemeji South B, bibi ananyoosha mguu kitandani, na Ijumaa jioni wanakwenda stesheni bila kukimbizana na mtu. Inawagharimu siku moja ya kazi na chakula cha usiku mmoja. Kama wangekuwa wanakwenda kusalimia tu, na Jumapili ingefaa sawa na Jumamosi, ningewaambia wachukue ile ya asubuhi ya Ijumaa bila wasiwasi.

Kurudi ni hesabu nyingine kabisa, na hapo wasitumie kipimo hicho hicho. Treni ya Jumapili jioni kutoka Kisumu inatarajiwa Nairobi Jumatatu asubuhi. SGR ya saa mbili asubuhi wasiiguse. Hata treni ya Kisumu ikifika kwa wakati, kuvuka mji hadi Syokimau na kupita ukaguzi wa mizigo kwa mbwa wa kunusa kabla ya milango kufungwa ni kujitafutia aibu. Wakate ya saa tisa alasiri. Wakichelewa hata hiyo, kuna ya saa nne usiku siku hiyo hiyo, kwa hiyo kinachoweza kupotea ni saa saba na nauli, na saa saba mtu anaweza kuzimaliza kwa shemeji akila chakula cha jioni.